Jiko la Bitana

Mama mkwe wangu alitangaza safari yake asubuhi wakati wa chai, kwa sauti ile ile ya kuomba sukari. Jumapili ya mwisho wa mwezi angerudi kwake. Mume wangu ni mwalimu wa jiografia na huwa na jibu la kila kitu, lakini siku hiyo alishusha kipande chake cha mkate akauliza kwa nini.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mama alisema. "Mimi nina miezi saba hapa. Jembe sijapewa, na hata kisu cha kitunguu sijapewa."

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimempa chumba kizuri kuliko changu, nimemkataza kugusa hata kikombe kichafu, nikidhani hiyo ndiyo heshima. Ukweli ni kwamba jiko letu la ndani ni jembamba, wakiingia wawili mmoja hutoka kinyumenyume, na magoti ya Mama hayamruhusu kusimama dakika kumi. Maisha yake yote alipika nje, ameketi. Kwetu alikaa sebuleni mbele ya televisheni, akitazama watu wengine wakipika.

Huko kwake hakukuwa na mtu. Mwaka uliopita alianguka bafuni, akalala sakafuni nusu siku nzima ndipo jirani akasikia. Ndiyo sababu tulimleta. Na niseme jambo ambalo wakwe wengi hawalisemi: nilikuwa nampenda. Ndiye mtu pekee katika nyumba ile anayecheka utani wangu kabla sijaumaliza. Lakini begi lake hakuwahi kumaliza kulipakua. Lilikaa chini ya kitanda, naye alichomoa nguo za juu juu tu, kama abiria.

"Tumjengee jiko la nje," Mwalimu aliniambia tulipobaki wawili. Tulikuwa na wiki nne.

Alianza na upepo. Alifunga mfuko wa plastiki kwenye ncha ya mti, akausimika uani, na kwa siku saba akaandika moshi utaelekea wapi. Siku ya nane upepo ukageuka. Alipomuuliza Mama angependa jiko likae upande gani, Mama alijibu kwamba sisi ndio wenye nyumba. Nasi kwa ujinga wetu tukalichukua jibu hilo kuwa ruhusa.

Kisha akachora. Karatasi ya mirabamiraba, vipimo pembeni, na mshale mkubwa wa kuonyesha kaskazini, kana kwamba nikitafuta chumvi nitahitaji kwanza kujua kaskazini. Sikuelewa kitu. Mimi ni fundi cherehani, na kitu nisichoweza kukikunja mkononi hakiniingii akilini. Nilikuwa na jora la bitana ya kahawia, kile kitambaa cha upande wa ndani wa pazia, lililobaki baada ya mteja mmoja kughairi mapazia, basi nikakata jiko lenyewe, ukubwa wake kamili: sakafu, meza ya kukatia, mahali pa moto, mahali pa kuoshea vyombo. Nikalitandaza uani na kulikandamiza kwa mawe. Urefu wa meza nikaupata kwa kutundika kitambaa kwenye viti viwili mpaka usawa wa kiuno changu, maana kiuno kilichokuwa karibu kilikuwa hicho. Mimi na Mwalimu tukaingia ndani ya bitana yetu tukakoroga sufuria zisizokuwepo. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akatutazama kwa muda, akarudi ndani kwake bila kuuliza.

Mwashi tuliyemwita anaitwa Timazi, kama ule uzi wenye uzito wa kunyooshea ukuta, ingawa yeye mwenyewe hutembea ameinama upande. Alipoona jiko limelala chini alicheka mpaka akakaa. Halafu akainuka, akalizunguka mara mbili.

"Fundi mwenzangu," aliniambia, "watu huniletea michoro nisiyojua juu ni wapi. Huu angalau naweza kuukanyaga."

Akamwaga chokaa kufuata ukingo wa kitambaa, akaanza kazi.

Kosa lilijulikana wiki ya tatu, wakati kuta zimefika mistari minne ya matofali na meza ya zege imeshasimama. Mwalimu alitoka na ndoo kwenda bombani akakuta hakuna njia, ukuta umeimeza. Alileta karatasi yake, wakapima upya na Timazi. Jiko lilikuwa limezidi shibiri mbili kila upande.

Nilijua mara moja. Nikikata sare za shule huacha akiba ya kitambaa pembeni, ili mtoto akikua mama yake afumue pindo badala ya kununua nyingine. Nilichora mstari wa mshono kwa chaki, nikachora na mstari wa kukata nje yake, akiba ikikua kulingana na ukubwa wa kitambaa, mikono ikifanya ilichozoea. Timazi alifuata ukingo. Angejuaje?

Mwalimu aliniuliza taratibu, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyechora ziwa juu ya mlima, ni kwa nini mtu aachie matofali pindo. Nikamjibu kwamba huenda jiko likakua. Aliyecheka ni Timazi peke yake. Tukaanza kubishana kwa nguvu, mimi nikamkumbusha habari ya mfuko wa plastiki, yeye akanikumbusha bomba.

Kelele zilimtoa Mama ndani. Alikuja ameshika ukuta, akaingia jikoni, akaitazama meza ya zege. Yeye ni mfupi; ilimfika karibu na kifua. Akaupitisha mkono juu yake polepole.

"Jiko zuri, mwanangu," alisema. "Utapika vizuri humu nikishaondoka."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesifu gauni la mwenzake, na hapo ndipo nilipoona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja yeyote. Miaka ishirini na miwili nakata nguo, na sijamkatia mtu hata mkono wa blauzi kabla ya kumpima. Huyu nilimjengea jiko kwa kiuno changu.

Nilivua utepe wa kupimia shingoni, nikakimbia ndani kuleta kigoda chake.

"Mama, kaa."

"Unanipima gauni?"

"Nakupima jiko."

Alicheka, kisha akaketi, akanyoosha mgongo na kutandaza mikono kama wateja wanavyofanya. Nilipima kutoka chini hadi kiwiko. Nilipima mkono wa kulia unafika wapi bila kuinuka, na wa kushoto, na nafasi ya magoti. Nilikuwa sijafika nusu alipoanza kutoa amri. Moto uwe hapa. Maji yakae kushoto, kwa sababu mkono wake wa kulia hauachi sufuria. Na alitaka kuona geti. Hakuwa tayari kupika ameelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwalimu aliandika kila neno nyuma ya karatasi yake, upande usio na kaskazini.

Timazi alipiga hesabu kwa vidole. Ile akiba yangu ya pande mbili, meza ikivunjwa na kujengwa pembeni kwa kimo chake, ilitosha kigoda, mahali pa moto pa chini na miguu ya Mama, na ukuta wa upande wa bomba ungeweza kukatwa kona watu wapite.

"Kwa hiyo limekua," alisema, akachukua mwiko wake wa chokaa.

Kuhusu safari sikuthubutu kuuliza. Jumapili ilifika paa halijapanda, lakini mahali pa moto palikuwa pamekauka. Saa mbili asubuhi Mama alitoka amevaa nguo zake za safari, anaburuta begi. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi.

Alivuka ua, akaketi kwenye kigoda, akafungua begi. Alitoa nguo moja moja akazirundika magotini, na chini kabisa akachomoa mwiko wa kupikia, mweusi mpinini, umelika upande mmoja kwa kukoroga miaka mingi.

"Nilikuja nao," alisema. "Nilidhani nitauhitaji."

Miezi saba ulikuwa chini ya kitanda. Alimtuma Mwalimu alete msumari, akamwonyesha mahali pa kuupigilia, kisha akampa zile nguo azipeleke kabatini. Mimi akanipungia mkono nisogee.

"Hapa mgeni ni wewe," aliniambia, akinipa kisu na vitunguu vitatu. "Nami siku ya tatu siingoji."

Nikageuza ndoo, nikaketi, nikakata. Alisema nakata vinene.