Sauti Chini ya Mnazi

Kisiwani kwetu Kiribati, mwanamume anayepanda mnazi kimyakimya ni mchunguliaji. Ndiyo maana wagema huimba wakiwa juu, alfajiri na jioni, ili sisi tunaooga kisimani tujue nani yuko wapi, tujifunike. Mume wangu Kabuati ana sauti ya bati linaloburutwa kwenye mawe. Kijiji kizima kinaijua, na ndiyo iliyotuponza.

Tuna watoto wanne. Wa mwisho, Rotia, alinitoa damu mpaka muuguzi wetu, Bi Meere, au Nei Meere kama tusemavyo kwetu, akapanda kitandani kunikandamiza tumbo kwa mikono yote miwili. Nilipopata fahamu akaniambia, "Dada, wa tano atazaliwa yatima. Kama atazaliwa."

Vidonge vya kuzuia mimba vikanipandisha presha. Sindano nayo ikanitoa damu miezi miwili mfululizo. Basi usiku mkeka wake ukawa kule, wangu huku, na watoto wanne katikati kama askari wa mpakani.

"Kuna njia ya wanaume," Nei Meere akamwambia Kabuati. "Madaktari wanakuja na meli mwezi ujao. Nusu saa haifiki, unarudi nyumbani kwa miguu yako."

Kabuati aliutazama mlango. "Kama nguruwe?"

"Nguruwe anahasiwa. Wewe tunakata mirija miwili tu. Mengine yote yanabaki na yanafanya kazi, kama yalikuwa yanafanya."

Nilicheka mpaka Rotia akaamka mapajani.

Alifikiri wiki tatu, akakubali kwa sharti. "Mtu asijue. Na wakiuliza mbona hatuzai, sema uliyefungwa kizazi ni wewe."

Nikaahidi. Afadhali niitwe tasa kuliko niitwe marehemu. Lakini sharti lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Damu nimwage mimi, na aibu nayo niibebe mimi?

Meli ikaja. Mama mkwe wangu, Nei Teraaka, aliambiwa Kabuati anakwenda kung'oa jino. Jioni akarudi anatembea kama mtu aliyebana yai katikati ya magoti.

"Jino gani hilo linaloumia miguuni?" mama mkwe akauliza.

"Lilikuwa na mizizi mirefu," nikajibu mimi.

Masharti ya daktari yalikuwa mawili: miezi mitatu tutumie kondomu mpaka apimwe tena, na siku saba asipande wala kubeba kizito. Kondomu tulipewa boksi zima. Kupanda ndiko hatukuwa tumekufikiria. Karara, ua changa la mnazi linalodondosha tembo, lisipochongwa asubuhi na jioni hukauka, na watoto wetu tembo tamu ndiyo maziwa yao. Kumwomba ndugu yake apande ni kumkaribisha aulize.

"Nitapanda mimi," nikasema.

"Mwanamke?"

"Kwani mnazi utauliza?"

"Watu watauliza. Mnazi una mtu na hauimbi?"

"Imba wewe. Jifiche kwenye vichaka vya mikadi pale chini, uimbe."

Asubuhi ya kwanza nilipanda kisu nimekibana kwa meno. Kabuati naye akatia mafunzo ndani ya wimbo: shika shina eee, usitazame chini eee, kata nyembamba kama ukucha eee. Majirani walidhani ni wimbo mpya wa mapenzi. Nilipofika juu niliona kile ambacho wanaume wamekuwa wakikiona peke yao miaka yote: ua la kila nyumba, nani anakula nini, nani kalala hadi saa hizi. Kumbe!

Siku ya tano Nei Teraaka alipita na ndoo.

"Kabuati! Tangu lini sauti yako inatokea mizizini?"

Akapangua majani, akamkuta mwanawe kakalia mkeka uliokunjwa, mdomo wazi. Akainua macho, akaiona sketi yangu.

"Tiribo! Unafanya nini juu ya mnazi wa mwanangu?"

"Nachonga karara, Mama."

"Na huyu?"

"Anaimba, Mama."

Akaweka ndoo chini. "Mna nini nyinyi? Mtoto anakaribia kutembea na wewe tumbo hata dalili. Umefungwa, siyo? Niambie. Ni wewe?"

Jibu nilikuwa nalo, nimeliahidi. Nilikumbatia shina, chupa ya tembo mkononi, nikafungua mdomo. Mimi ambaye hata kanisani hunyamazishwa kwa kiwiko, hakikutoka kitu. Nikamtazama Kabuati kule chini. Nikaendelea kumtazama.

Akainuka polepole, mkono kiunoni.

"Si yeye, mama. Nimefungwa mimi. Ndilo lile jino."

"Nani kakulazimisha?"

"Hakuna. Damu ile uliiona. Mikeka uliifua wewe."

Mama mkwe akaiinamia ndoo yake.

"Mimi nilizaa tisa," akasema. "Hakuna aliyeniuliza." Sikujua ananiambia mimi, anamwambia mwanawe, au anamwambia marehemu mumewe. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hilo tembo."

Niliposhuka akanywa, akajifuta midomo. "Unachonga nene mno. Karara litakwisha kabla ya wakati wake." Akabeba ndoo yake akaondoka.

Mchana kijiji kizima kilishajua. Kabuati alipoingia kwenye nyumba ya mikutano, mtu mmoja akakoroma kama nguruwe, wenzake wakaangua kicheko. Alinisimulia mwenyewe, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Imeuma?"

"Kuliko jino."

Siku ya nane akachukua kisu.

"Asubuhi mnazi ni wako," nikamwambia. "Jioni niachie mimi."

"Na chakula cha jioni?"

"Samaki wako chini, na wewe utakuwa chini. Mtakutana."

Jioni ile nikapanda. Nikasubiri sauti kutoka kwenye mikadi, kimya. Nikaona moshi jikoni kwetu, na Kabuati kampakata Rotia mkono mmoja, mkono wa pili anageuza samaki. Upande wa pili, kisimani, wanaume watano walikuwa wanaoga, na aliyekoroma alikuwa mmoja wao.

Kanuni ni kanuni. Nikavuta pumzi, nikaimba.

Kule kisimani wakaanza kugombania vitambaa.