Nchi Iliyokunywa Uji Kwangu

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya alfajiri, nami nikakisikia usingizini tu, sikuamka. Nikaota birika hilohilo limevaa miwani, limeshika karatasi, linabisha hodi jikoni kwangu.

"Shikamoo, bibi. Nakusanya maoni kuhusu nchi za dunia."

"Marahaba. Karibu."

Nyuma yake inaingia nchi. Ni ndogo, imelowa mvua, na miguu yake inaishia magotini.

"Kwa alama sifuri hadi kumi," birika likauliza, "hii unaipenda kiasi gani?"

"Mgeni haulizwi mambo kabla hajatia kitu tumboni." Nikaipa nchi bakuli la uji. "Haya, andika kumi."

"Kumi ya adabu haihesabiwi, bibi. Toa sababu. Tena unajibu kwa niaba ya watu laki sita."

Nikageuka. Laki sita wamekaa uani mpaka barabarani, wote wamejifunga kanga kama yangu.

"Mama Zawena, usituaibishe!" mmoja akapiga kelele.

Nchi ikapuliza uji. "Kila nyumba wamesema hawanijui," ikaniambia taratibu. "Kila anayesema hivyo ananifuta kidogo. Yako ndiyo nyumba ya mwisho."

Nikaona magoti yake nayo yanafutika. Na mimi, kusema kweli, sikuijua.

Mara jikoni ni wodi ya wazazi, miaka arobaini na tisa nyuma. Mvua inanyesha. Binti yangu Zawena amezaliwa sasa hivi, anatetemeka. Mkunga mgeni, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, anavua sweta lake la bluu na kumfunika. Sikupata kumwuliza alikotoka.

"Yule alikuwa wako?" nikaiuliza nchi.

"Wangu. Alirudi nyumbani bila sweta, mama yake akamgombeza."

"Andika tisa," nikaliambia birika.

"Tisa!" wakaitikia laki sita.

Miguu ikarudi, ikiwa na viatu.

"Mbona si kumi?" nchi ikauliza.

"Moja nimeizuia. Miaka yote hiyo hamjaja hata kunisalimia."

Nikaamka. Birika lilikuwa baridi jikoni. Naishi peke yangu, na bakuli la uji nililolala nimeliacha chafu lilikuwa limeoshwa, limefudikizwa vizuri. Nilipoliinua, chini yake palikuwa na uzi wa sweta, wa bluu.

Nikafungua mlango. Nje hapakuwa na mtu.

"Uje tena," nikasema. "Ile moja nimekuwekea."