Saini ya Pili

Fomu za kufunga kesi zilikuwa kumi na moja, na katibu, Mama Futi, alikuwa ameshatia saini kumi. Ya kumi na moja aliisukuma kwa kidole kimoja mpaka upande wa pili wa meza, akaiacha mbele ya Mwenyekiti.

"Hii bado," alisema.

Mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa mtoto alikuwa kaka wa marehemu mume wake, na asubuhi hiyo alikuwa amevaa koti la harusi. Alimtazama shemeji yake kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa.

"Shemeji, mtathmini yuko njiani, gari limeshavuka daraja. Weka saini tumalize. Mengine tutayazungumza kifamilia."

"Hayo ya kifamilia ndiyo yaliyomleta huyu mtoto kwenye fomu."

Kando ya dirisha, Bwana Asilimia aliacha kubandika mabango ukutani. Huyo ndiye afisa wa mradi, kijana mwenye bidii na viatu safi. Tangu kikao chake cha kwanza, alipotaja asilimia mara ishirini na saba (kuna mtu alihesabu), hakuna aliyemwita tena jina lake. Leo asilimia ilikuwa moja tu: mia. Kijiji kitakachokamilisha kesi zake zote ndani ya miezi mitatu kingekuwa cha mfano, na mradi ungebaki. Kisichofikisha, mradi ungehamia kwingine.

"Mama yangu," alisema Bwana Asilimia, "ni saini tu. Mwenyekiti ameshaweka yake. Kanuni inataka mbili, ya mwenyekiti na ya katibu."

"Kanuni naijua, mwanangu. Ndiyo maana sisaini."

Sasa, ukaidi wa mwanamke huyu haukuwa wa kutafuta sifa. Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, baba yake amefariki, mama ameolewa mbali. Aliishi kwa baba yake mdogo, fundi baiskeli, ambaye alimtoa shuleni na kumfanya kijakazi wa nyumba, na kipigo juu yake. Kamati iliingilia kati. Baba mdogo akaomba radhi mbele ya watu, akaahidi, mtoto akarudi darasani. Kwenye fomu hayo yanatosha. Lakini kesi ikiwa bado inaendelea, katibu ana haki ya kuingia kila Jumamosi kumwona mtoto, na ikikamilika haki hiyo inakwisha. Baba mdogo alikuwa amemwambia Mama Futi waziwazi, huku akitabasamu, kwamba siku kesi itakapoisha asimkanyagie ua wake tena.

Gari la mtathmini lilipoegeshwa nje, fomu ile ilikuwa bado mezani na saini moja.

Mtathmini alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kishikwambi na sauti ya kuchoka. Hicho kilikuwa kijiji chake cha tisa. Aliuliza maswali akibonyeza kioo, Bwana Asilimia akijibu kabla hayajaisha. Mikutano mingapi? Mabango mangapi? Kisha akaomba kumbukumbu za kuwatembelea watoto.

Mradi ulikuwa umeleta fomu maalumu za matembezi, zenye swali kama "Je, mtoto anaonekana mwenye furaha?" Zilikuwa kabatini, nyeupe kama zilivyotoka kiwandani. Mama Futi, fundi cherehani kwa kazi yake, hakuwahi kujaza hata moja. Alifungua mkoba wake akatoa daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

Mtathmini alifungua kurasa tatu, nne. Bega, kiuno, urefu, mkono. Tarehe na inchi, basi.

"Mama," alisema kwa upole, "hili ni daftari la wateja wako."

Bwana Asilimia alicheka, kisha akajifanya kukohoa. Mama Futi alihisi uso umemwaka moto. Miaka minne aliandika daftari lile akiamini kwamba mtu yeyote akilifungua ataelewa. Hakuwahi kumweleza binadamu hata mmoja, kwa sababu hakuna fundi anayeeleza vipimo kwa fundi mwenzake, na alisahau kwamba dunia haikujaa mafundi. Kosa lilikuwa lake, na aliona aibu. Kisha aibu ikageuka hasira, nayo ilimfaa zaidi.

Alisimama. Futi ya kupimia nguo ilikuwa shingoni, mahali pake pa siku zote.

"Mimi nashona sare za shule miaka thelathini na moja. Nikiingia kwa mtu na kusema nimekuja kumkagua mtoto, mtoto atavalishwa nguo nzuri na ataambiwa acheke. Nikisema nimekuja kupima sare, wananiletea kiti. Hizo fomu zenu za furaha, dada, mtoto anayeogopa anazijibu vizuri kuliko wote. Futi haiulizi kitu."

Alinyoosha mkono akafungua ukurasa bila kutafuta.

"Huyu wa kumi na moja. Nilipoanza, kiuno ishirini na nne. Mwezi uliofuata, ishirini na tatu. Jumamosi iliyopita ishirini na mbili, na urefu umeongezeka inchi nzima. Mtoto anarefuka na kupungua kwa pamoja? Anaumwa, au hapewi chakula. Soma na hapo chini."

Mtathmini alisoma kwa sauti. "Mkono wa kushoto, hapimiki."

"Nikiugusa anauvuta. Baba yake mdogo anasimama mlangoni muda wote, anasema kaanguka."

"Shemeji anatia chumvi," alisema Mwenyekiti, akicheka kicheko kikavu. "Unajua wanawake wakipenda mtoto."

Mtathmini hakucheka. Alifunika kishikwambi. "Nyumba iko mbali?"

"Dakika kumi kwa miguu."

Walikwenda wote wanne, Mwenyekiti nyuma kabisa, akipangusa jasho chini ya koti. Baba mdogo walimkuta mlangoni pa ua akijaza upepo tairi. Alisimama, mikono myeusi kwa grisi, akawasalimia wageni kwa adabu zote. Alipomwona Mama Futi alitanda mlangoni.

"Wengine karibuni," alisema. "Huyu mama hana kazi tena hapa. Mwenyekiti alipita jana akaniambia kesi imekwisha, na mimi nikashukuru."

Watu watatu walimgeukia Mwenyekiti. Maskini, hakukusudia ubaya. Alitaka tu siku ya wageni ipite bila mtu kulalamika, akaenda kugawa habari njema kabla hazijawa kweli. Alitazama viatu vyake.

Mtathmini alitoa kwenye faili fomu aliyoichukua ofisini, akaiinua. "Hapa kuna saini moja. Kesi inaendelea. Na kesi ikiendelea, kamati inaingia."

"Saini ya pili si hiyo hapo, inakuja?" baba mdogo alimwonyesha Mama Futi kwa kidevu. "Aweke sasa hivi, kila mtu aende zake."

Mwenyekiti akamsogelea shemeji yake, akanong'ona, na safari hii hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Kuna watoto wengine kumi. Mradi ukiondoka, wakionewa tena nani atawasimamia? Unawatosa kumi kwa ajili ya mmoja?"

Hilo lilimchoma. Aliwajua wote kumi, mabega na viuno vyao, na kwa muda mfupi alitamani kalamu. Hata mtathmini hakumsaidia.

"Nikwambie ukweli, mama. Nikiandika inaendelea, hamfikii lengo. Sina pa kuandika habari za daftari lako. Kishikwambi hakina nafasi hiyo."

"Andika inaendelea."

"Una hakika?"

"Andika. Kisha ongeza kwamba katibu ndiye aliyekataa, wasije wakamlaumu shemeji yangu." Akapaza sauti juu ya bega la baba mdogo. "Mwanangu, njoo upimwe."

Baba mdogo aliugeukia ua akasema asitoke mtu. Halafu msichana akatokea jikoni, taratibu, macho chini, akapita kandokando ya ukuta, akapenya mlangoni akikwepa mkono wa baba yake mdogo. Akasimama mbele ya Mama Futi. Hakungoja kuambiwa. Akapandisha mwenyewe mkono wa kushoto wa gauni, mpaka begani, mbele ya wageni.

Bwana Asilimia alisema kitu kwa sauti ndogo, na hakikuwa na asilimia ndani yake. Mtathmini alikuwa ameshashika simu, akimwita afisa ustawi wa jamii, akitaja kijiji, umri wa mtoto na mfupa uliovunjika. Baba mdogo alianza kusema kaanguka, akaona hakuna anayemsikiliza.

"Afisa atafika mchana," alisema mtathmini. "Kesi ikiendelea, kamati inaweza kumhamisha mtoto nyumba nyingine mpaka afike. Nani atamchukua?"

"Nimeshamchukua," alisema Mama Futi.

Mwenyekiti alikuwa ameegemea ukuta, koti limemlegea. "Mradi umekwisha," alisema. "Umeuua, shemeji. Kamati nayo haipo. Haya niambie, Jumamosi utaingia nyumba za watu kwa cheo gani?"

"Cha fundi. Mradi umekuja juzi, watoto wamekuwa wakichana sare tangu sijaolewa kwenu. Na wewe utanisindikiza, kwa sababu kuna nyumba mbili zina mbwa, na koti hilo utaliacha nyumbani."

Alimpisha mtoto mbele, akamshika mkono wa kulia, ule uliokuwa mzima. Baba mdogo alikuwa ametoka mlangoni, akasimama katikati ya njia yao. Mama Futi alitembea moja kwa moja kumwelekea bila kupunguza hatua, naye akasogea.