Vipuli vya Bibi Harusi

Kericho ya miaka ile ilikuwa mji wa sweta. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na hata isiponyesha, mwanamke wa ofisini alifunga vifungo vya sweta mpaka shingoni, akavaa sketi ya kupita magoti na viatu vyeusi visivyo na kelele. Ukitutazama tukitoka kazini jioni, sisi wa benki, wa mahakamani na wa ofisi za wilaya, ungedhani tumeshonewa na fundi mmoja, tena fundi aliyetuchukia. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa wakili Isaiah, juu ya duka la dawa. Nilivaa kama wenzangu, maana kazi ni kazi. Lakini masikio yalikuwa yangu.

Vipuli niliviona kwa Priscillah, mwanamke kutoka Nyeri aliyeuza mitumba na urembo karibu na stendi. Vilikuwa duara mbili za rangi ya dhahabu, kubwa kiasi cha kupitisha kidole gumba.

"Hizi ni zako, Chelimo," aliniambia. "Ukivaa hizi hata hiyo sweta itanyamaza."

"Sina matundu."

"Ngai! Msichana mkubwa hivi? Keti hapo."

Alinitoboa kwa sindano na uzi, akanipaka spiriti, nami nikauma kitambaa nisipige kelele sokoni. Baada ya vidonda kupona nikavivaa, nikajitazama kwenye kioo chake, nikacheka peke yangu. Tangu nianze kazi mjini nilikuwa sijajiona hata siku moja. Nilikuwa nikiona sweta.

Wakili Isaiah aliviona kabla sijafunua taipureta.

"Chelimo, wateja wangu ni wazee wa kanisa. Wakiingia hapa wanataka kuona heshima."

"Heshima iko, mzee. Ndiyo hii nakupigia chapa."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Alinuna siku kadhaa. Chepkurui, aliyekaa mapokezi, akaniambia nitafukuzwa. Sikufukuzwa. Hakuna mtu mwingine mji mzima aliyeweza kuusoma mwandiko wa yule mzee, na yeye alijua hivyo.

Kwa hiyo nilikwenda nyumbani Roret nikiwa nimeshinda vita, kichwa juu. Tena nilikuwa na furaha nyingine. Watu wa Kipkurui walikuwa wamekuja kwetu kuniposa, mazungumzo yakaenda vizuri, na harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa Desemba, katika kanisa la nyumbani. Kipkurui alikuwa afisa wa chai wa nyanjani, mtu wa pikipiki na koti la mvua, anayezunguka vituo vya majani mlima na bonde, tope au vumbi. Baba yangu alikufa nikiwa mtoto mdogo, kwa hiyo ilikuwa imekubaliwa kwamba Mama ndiye atakayenishika mkono na kunikabidhi. Nilikuwa nimeiwaza siku hiyo tangu nikiwa shule ya msingi. Mama tu na mimi, katikati ya viti, watu wakitutazama.

Nilimkuta Mama akikamua ng'ombe. Alisimama, akaweka ndoo chini, akanyoosha mkono kunigusa sikio. Kisha akaurudisha haraka.

"Toa," akasema.

"Mama, ni urembo tu. Hata wakili amezoea."

"Toa sasa, kabla ya harusi."

Masikio yake mwenyewe yalikuwa na makovu, mishono minene kama ya gunia. Wanawake wa rika lake walitobolewa masikio wakiwa wasichana, yakavutwa mpaka yakaning'inia, na walipoolewa wakavishwa mapambo mazito ya shaba. Walipookoka, wengi walikwenda hospitali ya misheni wakakatwa na kushonwa, ili wafanane na Wakristo. Mama alifanya hivyo, na sasa alikuwa shemasi, mwenye kitambaa cha bluu kichwani kila Jumapili. Nilidhani makovu yale ndiyo fahari yake. Nilidhani ananionea aibu.

"Ni Pasta Jonah amekutuma?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Pasta hajui. Lakini atajua. Utasimama pale na hizo vitu, na mtu atakwambia utoe. Na wewe utatoa."

"Mimi? Nani wa kuniambia mimi?"

"Utatoa," akarudia. "Kama utaenda nazo, sitakushika mkono. Tafuta mtu mwingine."

Akainama kwa ng'ombe wake. Nilimuuliza sababu, akanipa mgongo. Kwetu mama akikupa mgongo hivyo, hata ulie machozi ya damu hageuki. Nami nikakasirika, maana ukaidi wangu sikuuokota njiani, niliurithi. Nikaapa kwamba nitaolewa na vipuli vyangu, hata nikabidhiwe na mlingoti wa bendera.

Ningesema wiki zile zilikuwa za furaha ningedanganya. Niliagiza gauni, nikapiga chapa kadi za mwaliko kwa mashine ya wakili, nikalia chooni. Kipkurui alijaribu kutuliza mambo. "Mimi nilikupenda na masikio yako yote mawili," alisema. "Ukivaa sawa, usipovaa sawa." Nikamwambia hajui anachosema, na kweli hakujua. Mimi pia sikujua.

Siku ya harusi mjomba Kiplangat ndiye aliyenishika mkono. Kwaya iliimba, mvua ikagonga mabati, nami nikatembea na vipuli vyangu. Mama alikuwa amekuja. Alikaa benchi la pili na kitambaa chake cha bluu, macho sakafuni. Nilipompita hakuinua kichwa, na moyo wangu ukavunjika palepale, mbele za watu.

Pasta Jonah alinitazama masikio tangu mwanzo mpaka mwisho wa ibada. Alitufungisha. Tukala kiapo, tukavishana pete, akatutangaza mume na mke. Watu wakapiga makofi. Ndipo akainua mkono wanyamaze.

"Sasa wewe ni mke wa mtu," akasema kwa sauti ya kanisa zima. "Mama yako katika kanisa hili hili alitupa mapambo ya dunia akamchagua Bwana. Haya, dada. Toa hizo vitu, tukuombee."

Wakili Isaiah alikuwa kiti cha mbele. Niliona akitabasamu, na hasira ikanipanda. Ningemjibu pasta, nawaambia kweli, jibu lilikuwa mdomoni. Lakini Kipkurui akaninong'oneza, "Toa tu, Chelimo, tumalize." Na nyuma ya Kipkurui niliuona uso wa Mama, umeinuka sasa, umekuwa wa rangi ya majivu. Nikafikiri, hiki ndicho anachotaka. Ameaibika kwa ajili yangu mbele ya washirika wote, na mimi nina zawadi ya kumpa. Basi nitampa. Nikampa Kipkurui maua ashike, nikageuka kumtazama mume wangu usoni, nikatoa kipuli cha kushoto.

"Achicha!"

Ni Mama. Hapana, hapana, kwa Kipsigis, mara nyingi, sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake. Alikuwa amesimama, anapita magoti ya watu. Aliponifikia alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu nikaumia.

"Nani alikwambia umtolee mume wako?" akasema. "Kwetu mwanamke anatoa mapambo ya masikio mbele ya mume wake akiwa maiti. Huyu ni maiti? Si huyu amesimama?"

Watu wa benchi za mbele wakamgeukia Kipkurui. Mvua ikaendelea kugonga mabati.

"Bot Chelimo," Pasta Jonah akasema polepole, akimwita Mama kwa jina langu, "wewe ni shemasi. Hizo ni imani za zamani."

"Ndiyo. Zangu nilitoa hapa, mahali hapa," Mama akasema. "Baba yake akiwa amesimama karibu, hivi. Mkaniimbia wimbo. Kabla ya mwaka kuisha lori la majani ya chai likamleta nyumbani chini ya turubai." Akanigeukia. "Ndiyo maana nilikwambia usizivae kabisa. Asiyevaa hana cha kutoa."

Akachukua kipuli mkononi mwangu. Hakuliona tundu vizuri, akachoma pembeni mpaka damu ikatoka. Hakuacha. Alikirudisha, akafunga kishikizo, kisha akabaki amelishika sikio langu, analia, na mimi nalia, na Kipkurui katikati yetu na maua ya bibi harusi.

Mwezi uliofuata kanisa lilimvua Mama ushemasi. Siku hizi anakaa nyuma karibu na mlango, na kitambaa anachojifunga ni cheupe.

Kazini nimebaki. Wakili Isaiah hanisemi tena kuhusu masikio. Alikuwepo siku ile, na ingawa ni mzee wa kanisa, ni Mkipsigis. Asubuhi moja alinikuta nikijikuna sikio, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini hujatoa?"

Sijatoa. Kushoto tundu halikupona vizuri, likifura linauma, nami nalipaka dawa kipuli kikiwa palepale. Sweta za kuvaa kupitia kichwani nimeziacha, zisije zikanasa. Nimesoma, nimeokoka, najua lori ni lori na tope ni tope. Lakini mvua ikianza alasiri, ninapojua Kipkurui yuko kwenye miteremko huko na pikipiki yake, mkono mmoja unaiacha taipureta na kwenda sikioni wenyewe.

Juzi Priscillah aliniita. Amepata vingine, virefu, vyenye shanga nyekundu, vizuri mno. Akavishika kando ya shingo yangu, akanisogezea kile kioo chake cha siku zote.

"Vua hizo za zamani nikuone," akasema.

Nilivitazama sana. Nikamwambia siku nyingine.