Suti ya Bwana Harusi

Fundi alipanda treni ya asubuhi mkono mmoja ukiwa juu, umeshika hanga yenye suti ya bluu iliyofunikwa nailoni, na mkono wa pili ukiburuta kibegi cha vifaa vyake vya kushonea. Watu walimpisha mlangoni bila kuombwa. Suti mpya ina heshima yake. Aliyeibeba hapigwi vikumbo. Hakuna aliyejua kwamba suti ile ilikuwa inapelekwa chumba cha maiti, avalishwe mwanawe wa pekee, aliyefariki juzi katika mji wa mwisho wa reli ile na ambaye angezikwa kesho yake.

Aliishona siku nzima bila kuinua kichwa. Vipimo alivitoa akilini, vile vya mara ya mwisho kijana alipokuja nyumbani, miaka mitatu nyuma. Mkwe, mchumba aliyeishi na mwanawe, alipopiga simu alisema tu kwamba mgonjwa ameondoka. Mgonjwa! Fundi hakujua hata kama kuna mgonjwa. Kila Jumapili mwana alikuwa akipiga, “Mzima kabisa, baba, wasiwasi wako tu,” na baba akaamini, kwa sababu sauti ilikuwa nzito ile ile. Sasa hakikubaki cha kumfanyia ila kimoja: mwanawe aende kaburini na nguo iliyomkaa sawasawa. Mtu aliyeshona sare za nusu ya shule za mji wake hawezi kumzika mwanawe ndani ya koti lisilo lake. Hilo ndilo alilomwomba Mungu. Mengine yote alikuwa ameacha kuomba.

Ndani ya chumba cha behewa alikuta watu watatu, wameshazoeana utadhani wamelelewa nyumba moja, ingawa kila mmoja alipanda peke yake. Palikuwa na Mama Vikombe, mchuuzi wa vyombo, amezungukwa na maboksi ambayo kila treni ikitikisika yalilia, naye akiyakemea, “Tulieni huko!” Palikuwa na mzee mmoja, dereva wa mabasi mstaafu, ambaye walishambandika jina la Breki kwa sababu kila treni ikikata kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu. Na dirishani alikaa kijana mmoja mpaka rangi, njemba mwenye mabega mapana, kucha zina madoa meupe, anakwenda kupaka rangi hoteli.

“Shikamoo, mzee. Lete nikutundikie,” alisema mpaka rangi, akaipokea suti na kuiangika kwenye kulabu.

“Marahaba, mwanangu.”

Mama Vikombe aliitazama suti toka kola mpaka pindo. “Harusi hiyo! Ya nani, mwanao?”

Fundi alifungua kinywa aseme ukweli. Ndipo alipogundua kwamba maneno yenyewe hajapata kuyatamka hata mara moja. Kichwa kikainama chenyewe, na wao wakaona ameitikia.

“Hongera!” walipaza sauti wote watatu kwa pamoja, na Breki akampiga bega. “Umemaliza kazi, mzee. Umelea, umesomesha, sasa unaoza. Kaa upumzike.”

Angeweza kuwasahihisha pale pale. Dakika zilipita, chai ikamiminwa, mkate ukakatwa, Mama Vikombe akamenya yai la kuchemsha na kumtia mkononi kama mtoto, na fundi, ambaye tangu ile simu hakuweka kitu kinywani, akala. Akaona haya kwa jinsi alivyokula. Halafu wakamwuliza huyo bwana harusi ni mtu wa namna gani, na hapo ndipo alipopotea kabisa, maana ndilo swali pekee aliloweza kulijibu.

Aliwaeleza jinsi mwanawe alipokuwa mdogo alivyokuwa akilala chini ya cherehani, na mguu wa baba ukipumzika anaamka na kuuliza, “Mbona umezima?” Alieleza alivyoikata suruali ya mwalimu mkuu magotini akidhani ni kipande cha kuchezea. Breki alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi naye alicheka. Sauti yake mwenyewe ilimshtua, akanyamaza, lakini Mama Vikombe akasema, “Enhe, mwalimu mkuu akavaa nini?” na yeye akaendelea. Hata habari ya harusi haikuwa uongo mtupu. Kijana na mkwe walikuwa wakiishi pamoja, na kila mwaka harusi ilisogezwa mbele. Fundi alikuwa na huzuni ya kumtosha mtu kufa, na wakati huo huo, kwa saa zile, alikuwa na mtoto hai. Hakuwa tayari kumtoa.

Balaa lilianza Mama Vikombe alipouliza kama bwana harusi ameshaijaribu suti.

“Hajaijaribu. Nimeshona kwa kukumbuka.”

“Kwa kukumbuka! Mtoto wa watu akasimame mbele ya kadamnasi na suti ya kukumbuka? Wewe kijana, hebu simama. Mzee, mwanao ana mwili kama wa huyu?”

Fundi alimtazama mpaka rangi. Urefu ule ule. Na kiburi cha mzazi, ambacho hakijui msiba, kikamponyoka: “Zaidi ya huyu. Mwanangu alibeba magunia.”

“Basi ivae tuone.”

“Hapana!” Fundi aliruka na kuishika hanga. Nguo ya maiti, kwenye mwili wa mtu aliye hai! Lakini sababu angeisemaje? Wao walidhani anaogopa mkosi wa harusi, wakamtania, Breki akasema yeye aliwahi kuvaa viatu vya harusi vya kaka yake na ndoa ile mpaka leo imesimama. Kabla fundi hajajua aseme nini, mpaka rangi alishavua shati lake la vumbi, akamtoa hanga mkononi taratibu, na koti likaingia mkono wa kwanza, likaingia wa pili.

Kitu kilichokuwa kimening'inia kimya kikainua mikono. Kikageuka. Kikacheka na kuuliza, “Vipi, mzee?”

Mbele ya fundi alisimama mwanawe, mwenye damu, mwenye jasho, siku ya harusi yake. Alitaka kulia na alitaka treni isifike popote.

“Mabega yanabana,” alisema Mama Vikombe. “Na wewe umesema mwanao ni zaidi ya huyu.”

Kweli, yalibana. Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kwenye kibegi. Alikuwa fundi anayeacha akiba ya kitambaa ndani ya kila mshono, na sasa aliifumua yote. Alipanua mabega, akapanua mgongo, akapanua kiuno. Breki alishika nyuzi, Mama Vikombe akatunga sindano, mpaka rangi akavaa na kuvua bila kulalamika, akigeuzwa huku na huku kama mtoto anayeogeshwa. Fundi alimgusa mabega, makwapa, shingo yenye joto. Kila alipomgusa alijiambia aseme sasa, na kila mara akachoma sindano nyingine.

Walipomaliza, koti lilimkaa kijana vizuri na likabakiza nafasi kidogo ya yule aliye zaidi yake. Mpaka rangi alilikung'uta, akalirudisha kwenye hanga.

“Mwambie mwanao nimemtangulia kuivaa,” alisema akicheka. “Bahati yake nimeshachukua nusu.”

Fundi alimshika mkono. “Usiseme hivyo,” alisema. “Mwanangu, tafadhali, futa hayo maneno.”

“Natania tu, mzee.”

“Futa.”

“Nimefuta,” alisema kijana, akiwa haelewi, na Mama Vikombe akafungua boksi na kutoa vikombe viwili vya maua, kimoja cha bwana, kimoja cha bibi, akakataa katakata kushukuriwa.

Mchana treni ilifika stesheni kuu ya mji ule, na fundi akashuka. Wenzake watatu walikuwa wanashukia stesheni ndogo iliyofuata, mwisho kabisa wa mji. Mpaka rangi alimteremshia suti, akamkabidhi kwa mikono miwili, akarudi ndani. Mkwe alikuwa amesimama hapo kumpokea, amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba. Treni ilikuwa imeshaanza kusogea, na dirishani vichwa vitatu vikapaza sauti, “Hongera! Mpe hongera sana bwana harusi!” Ndipo Mama Vikombe alipomwona yule mwanamke. Mkono wake ulibaki hewani.

“Ni nani wale, baba?” aliuliza mkwe.

“Watu niliosafiri nao.”

“Na vikombe?”

“Wamenipa.”

Njiani mkwe alisema jambo moja tu, kwamba marehemu alimwapisha asimwambie baba habari za ugonjwa, kwani mzee ana kazi za watu.

Katika chumba cha maiti mhudumu aliichukua suti, akaingia nayo, akatoka. “Mzee, koti ni kubwa mno. Tutalibana nyuma kwa pini. Mbele hakuna atakayejua.”

Fundi aliingia. Mwanawe alikuwa amelala ndani ya suti ya bluu, na suti yenyewe ilikuwa imelala peke yake. Mabega yale ya kubeba magunia hayakuwepo tena. Ndani ya mkono wa koti fundi alishika kitu chembamba, baridi, na hakuupata mkono wa mtoto wake mpaka alipopapasa. Vipimo vya kukumbuka navyo vingekuwa vikubwa. Lakini hivi alivyovipanua tena ndani ya treni, na nyuzi zile, na kicheko kile!

Mkwe alisimama nyuma yake akilitazama koti.

“Baba,” aliuliza polepole, “ulimpima nani?”

“Kijana mmoja wa njiani,” alisema fundi, na hapo machozi yakamshinda. “Ilimkaa vizuri, mwanangu. Ungemwona alivyopendeza.”