Mama Vifungo Alivyokataa Kazi

Mama Vifungo alipewa jina hilo kiwandani, alikokaa miaka akishona vifungo vya mashati kwa mikataba mifupi mifupi. Kila mkataba ulipoisha alipewa mwingine, hadi oda zilipokatika. Jioni moja mstari wao wote wa washonaji ukaambiwa uchukue mikoba. Kibarua kimeota nyasi.

Wifi yake, aliyeishi naye, alimkumbusha bima ya kukosa ajira.

"Si ile uliyokuwa unalalamika wakikukata? Nenda kadai."

"Nilijua wanatuibia tu, wifi."

Alikwenda. Fao lilipotoka halikufikia mshahara, ila kodi ililipwa na chungu hakikushuka jikoni. Asubuhi alizunguka kutafuta kazi, mchana akalala. Hakuwahi kulala mchana tangu alipojifungua, miaka mingi nyuma.

Siku moja msimamizi wa kiwanda alibisha hodi. Oda imepatikana, alisema, ila ya haraka: malipo nusu, mkataba hakuna, na mlango utafungwa kwa nje mpaka mzigo uishe.

"Moto ukiwaka?"

"Mama, unataka kazi au hutaki?"

"Mwenye njaa hana miiko, bwana msimamizi. Mimi umenikuta nimeshakula."

Msimamizi akacheka, akavuka ua hadi kwa jirani, mpiga pasi wa kiwanda hichohicho. Huyo alikuwa akilipwa kwa kutwa na hakuwahi kuandikishwa bima yoyote. Hakuuliza swali. Alifunga kanga, akamwachia Mama Vifungo mtoto wake, akaondoka.

Siku ya tatu wenzake walimrudisha wamemshika kwapani. Alikuwa amezirai kwa joto la pasi, na mwenye ufunguo wa mlango alikuwa hajulikani alipo.

"Ungekataa, dada," wifi alimwambia akimpepea.

"Ningekataa nikamlishe nini huyu mtoto?"

Mama Vifungo alimpa jirani maji, akahisi aibu asiyojua ameipataje.

Kabla fao halijakoma, Mama Vifungo alipata kazi kwa fundi wa sare za shule, mtu mkali lakini mwenye mikataba. Wiki ya kwanza alimuuliza kama anahitaji mpiga pasi. Fundi alisema labda muhula mpya ukianza.

Mpiga pasi alipopata nafuu alirudi kiwandani. Mtoto wake bado anashinda na wifi.