Katikati ya Mzingile

Omollo alimvunja Kiptoo taya kwa ngumi moja, kwenye sherehe ya mahafali huko ughaibuni, mtaa wa Doonside, nyama ikiwa bado motoni. Waliokuwa karibu walisikia mlio wa mfupa, kisha Kiptoo akaangukia meza ya vinywaji na kwenda nayo chini. Ugomvi wenyewe haukuwa na mwanzo wa maana. Kiptoo alikuwa amechangamka kwa bia, akasema kwa sauti ya mzaha iliyomfikia kila mtu, "Huyu msee mnamchekea tu hapa, lakini bibi yake anamwogopa. Muulizeni Chebet." Chebet ni mke wa Kiptoo. Alikuwa nesi wodi moja na Apondi, mke wa Omollo, na wawili hao walikuwa hawafichani neno. Omollo alimgeukia Apondi, akingoja amwone akikana. Apondi alikuwa ameinamisha uso. Basi ngumi ikaenda.

Hakuwahi kumpiga Apondi. Hilo aliwaambia polisi, akamwambia wakili, akamwambia mchungaji na kila aliyekubali kumsikiliza. Alichokuwa hakisemi ni ule mlango wa chumba alioutoboa kwa teke, televisheni aliyoitupa uani, na namna binti yao Akeyo alivyozoea kuziba masikio kwa headphones kila aliposikia ufunguo wa baba yake ukiingia kwenye kitasa. Wiki hiyo hiyo ya sherehe Apondi alifungasha nguo, akamchukua mtoto, wakahamia mtaa mwingine, Guildford. Omollo akabaki peke yake Minto, jirani na ghala alikokuwa akipakia mizigo. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Leo yuko Melbourne, keshokutwa Brisbane, wiki ijayo Adelaide.

Mahakama haikumfunga. Hakimu alimwacha nje chini ya uangalizi, akamwamuru ahudhurie darasa la watu wenye hasira. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Goreth, Mrundi wa makamo mwenye sauti ndogo iliyowafanya wanaume wazima wainame ili wamsikie. Siku moja aliwatoa nje, nyuma ya ukumbi, mahali ambapo saruji ilikuwa imechorwa mistari ya rangi ya buluu, duara ndani ya duara.

"Huu ni mzingile," akasema. "Msiogope, haupotezi mtu. Njia iko moja tu. Inazunguka, inazunguka, inafika katikati. Halafu unarudi na hiyo hiyo."

"Sasa faida yake ni gani?" Omollo akauliza. "Si nikate tu hapa, nifike?"

"Kata basi. Halafu uniambie umefika wapi." Goreth alimtazama bila kucheka. "Doucement, Omollo. Polepole."

Akatembea ili tu yaishe. Njia ilimsogeza hadi hatua moja kutoka katikati, kisha ikamrudisha ukingoni kabisa, naye akahisi damu ikimpanda usoni, akatamani kuipiga teke ile rangi. Lakini hapakuwa na wa kugombana naye. Alipofika katikati aligundua kwamba mabega yake yameshuka. Hakumwambia mtu.

Baadaye akaanza kuitafuta mizingile mwenyewe. Akishashusha mzigo Adelaide, badala ya kulala kwenye kibanda cha lori, alifungua simu akatafuta, na kumbe upo mmoja wa matofali mekundu nyuma ya kanisa. Melbourne akaupata wa mawe ya mtoni, uliopangwa na watu wa mtaa kando ya kijito. Brisbane ulikuwa wa majani tu, uliokatwa kwa mashine, na mvua iliponyesha ulifutika karibu wote, akalazimika kuutafuta kwa unyayo. Kila alipomaliza aliupiga picha na kuiweka Facebook. Wakenya wenzake walimtania. Wengine walimwandikia faraghani wakiuliza kama kweli inasaidia. Aliwajibu kwamba inasaidia, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Mwaka mzima alikuwa hajavunja hata kikombe.

Alituma wazee kwa Kiptoo kuomba msamaha, na Kiptoo akaupokea, japo alikuwa bado anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Aliyekataa ni mdogo wake, Rufus, kijana wa mazoezi ya kunyanyua vyuma. Ndiye aliyemsagia kaka yake chakula kwa mashine wiki zote ambazo taya lilikuwa limefungwa waya. Wazee walipotoka, Rufus aliwafuata hadi kwenye gari, akawaambia, "Mwambieni sisi wawili bado."

Omollo aliambiwa. Hakutilia maanani.

Hatimaye Apondi alimpigia simu. "Baba Akeyo, mtoto anauliza kama anaweza kwenda na wewe kwa hiyo mizunguko yako. Jumapili mchana. Mchana tu."

"Asante, Mama Akeyo."

"Usinishukuru. Ukipandisha sauti hata mara moja, atanipigia nije nimchukue."

"Sitapandisha."

Jumapili hiyo asubuhi, kwa furaha, aliandika Facebook kwamba leo anatembea na binti yake, akataja na bustani yenyewe, ile kubwa ya upande wa mashariki wa jiji, yenye mzingile wa mawe ya manjano uliolazwa sawasawa na ardhi. Rufus aliyasoma maneno hayo akiwa kitandani.

Akeyo alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa amerefuka. Ndani ya treni hakusema mengi. Lakini walipoanza kutembea, yeye mbele, baba nyuma, mambo yalibadilika. Njia ilikuwa inawatenganisha, mmoja upande huu na mwingine ule, kisha bila kutarajia inawaleta bega kwa bega, kila mmoja akielekea kwake. Mara ya kwanza Akeyo alitazama kando. Mara ya pili alitoa ulimi. Mara ya tatu alimpiga baba yake kofi la kiganjani, "High five, Dad," na Omollo akapita haraka ili mtoto asimwone macho.

Walikuwa wamesimama katikati, Akeyo anakunywa maji kwenye chupa yake ya chuma, Rufus alipotokea. Hakuifuata njia. Alikata mistari yote moja kwa moja, ameshika spana ya kufungulia magurudumu, na nyuma yake rafiki yake mmoja mrefu. Mwanamke aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto pale ukingoni aligeuza kigari akaanza kukimbia.

"Buda," Rufus akasema. "Umepona hasira, tunasikia."

"Rufus, niko na mtoto."

"Bro yangu pia alikuwa na watoto wakitazama."

Omollo alimsukuma Akeyo nyuma yake, kisha akaweka mikono mgongoni na kuishikanisha, mmoja umekamata mwingine. Alikuwa ameamua. Alijua atapigwa, na alijua binti yake yuko pale anamtazama baba yake ni mtu wa namna gani.

Ngumi ya kwanza ilimpasua juu ya jicho. Ya pili ikamkata pumzi. Hakuachia mikono. Rufus alipoona hajibu alizidi kupandwa na wazimu, maana alikuja kupigana, hakuja kumpiga mtu aliyesimama. "Nipige! Si wewe ni mwanaume? Nipige!" Spana ikashuka ubavuni. Omollo akapiga goti. Ikashuka tena, na safari hii mkono wa kushoto, uliokuwa umejitokeza wenyewe kukinga kichwa, ukavunjika chini ya kiwiko. Akaanguka kifudifudi juu ya mawe. Rufus akaanza kumpiga mateke ya mgongo, teke na neno, teke na neno, akimtaja kaka yake kwa jina.

Omollo alikuwa akihesabu pumzi zake, kama Goreth alivyomfundisha, na alikuwa bado anaweza. Kisha akamsikia Akeyo akiongea na polisi kwenye simu, kwa sauti nyembamba, akitaja jina la bustani. Yule mrefu akamrukia ampokonye simu. Akeyo aling'ang'ania. Mrefu akamsukuma kwa mikono miwili, mtoto akaanguka na mdomo ukagonga jiwe.

Damu ilimtoka nyingi, ya ghafla. Yule mrefu alipoiona aliogopa, akatupa simu na kukimbia.

Omollo hakukumbuka baadaye alivyoinuka. Aliinuka tu. Aliyemsukuma Akeyo alikuwa ameshafika kwenye miti, na Rufus ndiye aliyekuwa karibu. Omollo alimgonga kwa kichwa puani, akakidaka kifundo cha mkono wenye spana, akakisokota mpaka spana ikaanguka, naye akaiokota kwa mkono wake mzima. Pigo la kwanza lilimpata Rufus begani, likamwangusha. La pili gotini. La tatu usoni, na kitu kikapasuka pale. Rufus akajikunja, amefunika uso, damu ikimchuruzika kati ya vidole. "Nimeacha, mzee! Nimeacha! Aki nimeacha!"

Omollo alimsikia vizuri kabisa. Akaendelea. Na kadiri alivyopiga ndivyo mwili wake ulivyokuwa ukipata nafuu. Ubavu ukaacha kuuma, mkono uliovunjika ukaacha kuuma. Ilikuwa furaha, hakuna jina jingine. Mwaka mzima wa kutembea polepole, na hii furaha ilikuwa inamngoja tu.

Kitu kizito kikamgonga kisogoni. Akageuka na spana imeinuliwa juu, tayari kwa yeyote yule. Alikuwa Akeyo, ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili, mdomo umevimba, meno mekundu.

"Dad, stop!"

Kisha, alipouona ule mkono ulioinuliwa, mtoto aliitupa chupa, akachuchumaa na kujifunika kichwa.

Spana ilimtoka Omollo mkononi. Alitaka kumsogelea, lakini kila aliposogea Akeyo alirudi nyuma, akiburuta makalio juu ya mawe. Kwa hiyo akakaa chini pale alipokuwa. Polisi waliwakuta hivyo: baba amekaa, binti amejikunyata mbali naye, na Rufus amelala katikati yao, anapumua kwa mkoromo.

Rufus hakufa. Alipoteza jicho la kulia, na goti lake halikunjiki tena vizuri. Baadaye alikiri mashtaka yake mwenyewe, na yule mrefu pia alikamatwa. Lakini mtu mmoja alikuwa amepiga video kutoka kwenye kilima, na mahakamani waliicheza yote. Ile sehemu ya kwanza, mikono ikiwa mgongoni, ilimfanya hakimu avue miwani. Ile ya pili, na kelele za "nimeacha" zikisikika waziwazi, ilimfanya wakili wa Omollo afunge faili lake. Safari hii alifungwa.

Gerezani mgeni wake wa kwanza alikuwa Kiptoo. Alikaa upande wa pili wa meza, taya limepinda kidogo.

"Nilimkataza," akasema. "Niliona ile post yako, nikampigia, akazima simu."

"Kiptoo, ndugu yangu..."

"Mathe yetu hajaambiwa. Anajua ni ajali ya gari. Kila siku anauliza ni nani alikuwa anaendesha." Kiptoo alijifuta mdomo kwa leso, kwa upande ule usiohisi. "Sijui kwa nini nimekuja. Chebet alisema nisije."

Akaondoka kabla ya muda kwisha.

Apondi hakuja mpaka majira ya baridi yalipokwisha, na alipokuja alikuja na Akeyo. Omollo alikuwa amejiandaa. Goreth alikuwa amemwandikia kwamba mtoto huenda akauliza, naye usiku mwingi alikuwa ameshapanga jibu: kwamba alikuwa karibu kuacha, kwamba lile lilikuwa pigo la mwisho, kwamba baba yeyote angefanya vile akiona damu ya mwanawe. Karibu aliamini.

Akeyo aliongea Kiingereza tangu alipoketi. Shule, sawa. Mbwa wa jirani, sawa. Kisha akatazama meza za jirani zilizojaa wafungwa na wake zao, akainama, na kuuliza kwa Kiswahili ambacho hakikuwa na mazoea mdomoni mwake, pengine ili wengine wasielewe.

"Baba. Kama nisingekupiga na chupa, ungeacha?"

Apondi aliacha kuchezea pete yake. Omollo alifungua mdomo atoe lile jibu lililopangwa, akamwona binti yake ameshaanza kukaza mabega, kama anayesubiri mlango ubamizwe.

"Hapana," akasema. "Nisingeacha."

"Hata kama angekufa?"

"Alikuwa ananiomba, nilimsikia. Sikutaka kuacha. Wewe ndiye ulimwokoa, si mimi."

Akeyo alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa mkono wa sweta. Omollo hakuthubutu kunyoosha mkono. Mlinzi alipita, akawatazama, akaendelea na njia yake. Baada ya muda mtoto alivuta kamasi, akaanza kusimulia habari za timu yake ya netiboli, kwa Kiingereza cha haraka ambacho nusu yake Omollo hakuipata: nani amehamishwa nafasi, nani hampendi kocha, nani alidanganya kwamba ameumia. Omollo hakumkatiza hata mara moja.

Kengele ilipolia Apondi alisimama, akavaa koti lake, akamfungia binti yake zipu ingawa binti hakuhitaji kufungiwa.

"Jumapili ijayo niko zamu," akamwambia Omollo. "Ile inayofuata, tutaona."